Namna ya kusubiri bila kukaa tu: mwongozo kamili kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Kuna watu ukiwatajia subira wanamuona mtu amekaa barazani mkono shavuni anangoja neema ishuke. Subira ya namna hiyo huku Kusini haina kazi, mana ukiisubiri korosho hivyo ugonjwa wa ubwiri unga utamaliza maua yote na wewe upo hapo hapo unasema inshallah. Mkulima anayeijua kazi yake anaingoja bei ya Oktoba huku mwezi wa sita na wa saba yupo shambani na mashine mgongoni anapuliza salfa, na hapo hajui hata mnada utakuwa mzuri au mbaya. Ndio subira ninayoizungumzia humu, ya mtu ambaye mikono yake ina shughuli.

Na nawaandikia watu wa huku makusudi, sisi kusubiri tumesomea. Waingereza walikuja 1947 na mradi wa karanga, Nachingwea ikafyekwa, ikajengwa reli na bandari ya Mtwara, 1951 mradi ukafa na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Kwenda Dar ilikuwa ukifika Ndundu unangoja kivuko cha Rufiji, mvua ikikukuta pale unalala na unaamka, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, na hata baada ya daraja kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga kikatuweka tena miaka. Ikaja gesi ya bahari kuu kuanzia 2010, mji ukachangamka, 2013 tukaingia kwenye vurugu za bomba ambazo hakuna anayependa kuzikumbuka, 2015 bomba likakamilika likaenda Dar. Sasa hivi ukienda Lindi stori ni LNG ya Likong'o, yani kiwanda cha kugeuza gesi iwe kimiminika, mazungumzo yanaanza yanasimama zaidi ya miaka kumi.

Hayo ni ya wote. Juu ya hayo kila mtu ana yake ya nyumbani, mume kaondoka, mtoto kamaliza chuo hana ajira, mzazi anaumwa, biashara imedorora. Yakichanganyika ya dunia na ya nyumbani ndio unakuta mtu mzima analala saa nane usiku anaangalia simu tu. Tuanze.

Hatua ya 1: Andika unachokisubiri, alafu kitenge

Chukua daftari la kawaida, lile la shule. Usiandike kwenye simu, simu utaifungua uandike na kabla hujaandika umeshaingia kwenye status za watu. Andika kila kitu unachokingoja kwa sasa, kikubwa na kidogo, hata vile vya aibu. Alafu kila mstari ujiulize, hiki kina tarehe au hakina.

Vyenye tarehe ni kama malipo ya mnada, matokeo ya kidato cha nne ambayo kwa kawaida yanatoka mwezi wa kwanza, mtoto anayezaliwa, mkataba wa pango unaoisha. Tarehe inaweza kusogea lakini ipo. Visivyo na tarehe ni kama ajira, mume kurudi, LNG, amani kule Cabo Delgado ya Msumbiji, mgonjwa kupona ugonjwa ambao daktari mwenyewe anasema tuendelee kuangalia.

Hapa ndipo watu wengi wanapojiumiza bila kujua. Kile kisicho na tarehe wanakisubiri kama kina tarehe. Mtu anasema mwaka huu mradi ukianza nitajenga, mwaka huu akirudi tutapanga, yani maisha yote yamefungwa kwenye mlango ambao ufunguo anao mtu mwingine. Mwaka ukiisha anavunjika moyo upya, na kuvunjika moyo kila mwaka kwa jambo lile lile kunachosha kuliko hata tatizo lenyewe.

Kuna mama mmoja Chikongola aliniruhusu nione daftari lake. Ukurasa kaugawa kwa rula, kushoto kaandika "nangoja", katikati "lini", kulia "mimi nafanya nini". Mstari wa kwanza: hela ya ufuta, mwezi wa saba, kufuatilia kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kila Jumatatu. Mstari wa pili: Saidi kupata kazi, lini kaweka kistari tu, na kulia kaandika "anajifunza umeme kwa fundi, nauli natoa mimi". Mstari wa nne ulikuwa mume. Lini, kistari. Kulia hakuna kitu, kapaacha wazi. Nikamuuliza, mama, hapa mbona hamna? Akanijibu, "Hapo mwanangu mimi sina kazi ya kufanya, nimepaacha ili nijue kabisa kuwa sina." Mimi naona huo mstari mtupu ndio ulikuwa umefanya kazi kubwa kuliko yote pale, mana alikuwa ameacha kupiga simu usiku.

Kwa hiyo kanuni ni hii: chenye tarehe kipangie, kisicho na tarehe kipe kazi ndogo upande wa kulia, na kama hakuna kazi yoyote unayoweza kufanya acha wazi na usikirudie mpaka siku ya kupitia daftari. Hiyo siku nitaieleza mwishoni.

Waislamu hili wanalijua vizuri kwa mfungo wa Ramadhani, njaa ile ile ya kufunga ukiikuta siku ya kawaida ambapo hujui utakula saa ngapi inakutesa mara mbili, ila mfungo una adhana ya magharibi kwa hiyo tumbo linatulia. Ukishindwa kupata adhana kwenye jambo lako, jiwekee yako ndogo ndogo. Nikimaliza wiki hii. Nikifika mwisho wa mwezi.

Hatua ya 2: Hesabu chakula kwanza

Matumaini kwenye nyumba isiyo na unga hayakai, tusidanganyane. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, na hela kubwa ya korosho inaingia kuanzia Oktoba. Januari inakuja na ada, sare, daftari, alafu Februari na Machi ghala limepungua na shamba bado bichi. Hiyo miezi ndio watu wanagombana majumbani, na wengi wanadhani ndoa ina tatizo kumbe gunia ndio limeisha.

Pima nyumba yako mwenyewe. Wiki moja andika unga uliotumika. Tuseme ni kilo 10, basi mwezi ni kilo 40 na kidogo, miezi mitatu ya kiangazi cha mfukoni ni kilo 120 hivi, yani gunia moja la kilo mia na ndoo moja. Hilo gunia linunuliwe hela ya korosho ikiingia tu, kabla ya simu mpya, kabla ya kochi, kabla ya kumchangia shemeji harusi. Na usidharau makopa. Muhogo uliokauka vizuri ukahifadhiwa usipate unyevu unakuvusha miezi ambayo mahindi yamepanda bei mpaka unaona aibu kuuliza.

Ukishaona gunia lipo kona ya chumba, mawazo yanapungua nusu bila hata dua. Nusu iliyobaki ndio tunaihangaikia kwenye hatua zinazofuata.

Hatua ya 3: Usile matumaini kabla hayajaiva

Hapa nitakaa kidogo mana ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Kangomba kila mtu anaijua. Mwezi wa nane una shida, mtoto anaumwa, anakuja mtu na hela taslimu na kipimo chake, anakupa kwa korosho ambazo bado zipo mtini. Imekatazwa miaka nenda rudi lakini ipo, mana shida ipo. Fanya hesabu tu. Tuseme kakupa kwa 1,500 kilo moja na mnada ukaja kwa 3,000. Kwa kilo mia umeacha laki moja na nusu kwenye mkono wa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujua kuwa wewe huna subira. Kakununua subira yako kwa bei ya jumla.

Na bei hatuijui kabla, hiyo ndio sababu ya kutokuuza mapema na pia sababu ya kutokupanga kwa bei ya juu. Angalia miaka ya karibuni. 2018 wanunuzi walitoa bei wakulima wakagoma, Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua yote kwa 3,300, jeshi likaja na malori, watu wakashangilia, alafu wengi wakasubiri malipo mpaka mwaka uliofuata. 2023 bei ikawa kwenye elfu mbili hivi, watu wakasema bora kukata mikorosho. 2024 minada ya kwanza ikavuka 4,000. Aliyekata mkorosho 2023 kwa hasira, 2024 alikuwa anaangalia tu. Aliyekopa 2025 kwa kuamini nne itarudi lazima, huyo naye ana hadithi yake.

Kwa hiyo panga kwa bei ya mwaka mbaya. Ikija nzuri, ile ya juu ndio ya bati na kochi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye gesi. Kipindi kile cha 2012 mpaka 2014 Mtwara mjini watu walijenga gesti kwa mkopo, kodi za nyumba Shangani zikapanda, viwanja vikauzwa vya bibi na babu. Mradi haukuwa uongo, gesi ipo na bomba lipo. Kosa lilikuwa kutumia leo hela ya kesho ambayo haina tarehe. Rudi hatua ya 1. Ukiona mradi wowote unatangazwa, sijui bandari, sijui LNG, sijui reli, furahi, mpeleke mtoto akasomee ufundi unaoendana nao, kiwanja chako kipime upate hati. Hivyo vitakufaa mradi uje usije. Mkopo wa benki kwa ajili ya wapangaji ambao hawajafika Tanzania, huo uache.

Alafu kausha damu. Akina mama mnanielewa. Unachukua laki moja, unarudisha elfu tano kila siku siku 26, hiyo ni laki na elfu 30, na siku ukikosa wanakuja kubeba sufuria na tivii mchana kweupe majirani wanaangalia. Kama umeshaingia, usikope ingine kulipia hii. Nenda kwa wenzako wa VICOBA ueleze wazi, vikundi vingi vina mfuko wa jamii kwa ajili ya dharura na mkopo wa hisa zako mwenyewe una riba nafuu kuliko ule. Aibu ya kusema kwenye kikundi ni ya jioni moja tu.

Hatua ya 4: Pima habari unazokula

Dunia inabadilika haraka na simu inatuletea yote kwa pamoja, vita huku, ugonjwa kule, bei ya mafuta, kimbunga, video ya mtu analia, alafu tangazo la dawa ya nguvu. Huwezi kuzuia ila unaweza kuchagua saa. Mimi napendekeza mara mbili, taarifa ya habari asubuhi na ya jioni, redio au tivii, basi. Kwenye grupu za wasapu zima mlio. Kile kitu cha kweli na kikubwa kitakufikia tu, hapa Mtwara hakuna jambo linalofichika zaidi ya nusu saa.

Swali la kujiuliza kwenye kila habari: hii inanigusa wapi? Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 wengi tuliona ni mambo ya Wazungu. Ndani ya miezi michache petroli ikapita elfu tatu lita, bodaboda wakapandisha, mafuta ya kula yakawa ya kupimwa kwa kijiko. Lakini pia makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakaanza kutafutwa na dunia, malori yakajaa barabara ya Songea, meli bandarini, mama ntilie wa kule bandarini wakauza. Jambo moja limekuumiza mfukoni na limemlisha jirani. Sisemi vita ni vizuri, Mungu apishe mbali, nasema ukijua habari inapita njia gani mpaka kufika kwako unaacha kuogopa jumla jumla na unaanza kujipanga rejareja.

Kuhusu vimbunga nisikilizeni vizuri. Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, shule zikafungwa, watu wakahamishwa, kikaingia Msumbiji kaskazini kikaua watu huko, sisi tukapona. Wiki ile ile vijiweni watu wakaanza, TMA, yani Mamlaka ya Hali ya Hewa, waongo, wametutia hasara. Wazee wa Lindi hawakucheka, mana 1952 kimbunga kilipiga Lindi kweli na watu walikufa. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua juu ya mvua, barabara ikakatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala njiani na bidhaa zikaadimika madukani. Kwa hiyo tahadhari ikitolewa fuata, isipotimia shukuru. Usimfanye mtabiri adui kwa sababu nyumba yako imebaki na bati.

Maandalizi yenyewe ni mepesi. Vyeti, hati, kadi za kliniki na kadi ya bima weka pamoja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Akiba ya maji, chumvi, kiberiti, unga wa wiki mbili. Simu imejaa chaji. Sikiliza TMA wenyewe, usisikilize sauti ya mtu asiyejitambulisha inayoanza na "ndugu zangu tuma kwa watu wote". Hiyo sauti ukiipata iache ifie kwako.

Kwa walio mpakani, Kitaya, Nanyamba, Tandahimba upande wa chini, nyie mna mzigo wa ziada tangu yale mashambulizi ya Msumbiji yalipoanza 2017 na yalipovuka mto 2020. Ndugu wengi wako ng'ambo ya Ruvuma, ndoa zimevuka mto kabla ya mipaka. Panga siku ya kupigiana simu na ndugu wa kule, mfano kila Ijumaa baada ya swala au Jumapili jioni, ili siku zilizobaki kimya kisikutie hofu.

Hatua ya 5: Panda matumaini yanayozaa kwa zamu

Huwezi kuweka matumaini yote kwenye kitu cha miaka mitano, moyo utachoka njiani. Ukimuangalia mkulima mwerevu wa Newala au Masasi anakuwa na cha karibu, cha kati na cha mbali kwa wakati mmoja. Mchicha unachuma ndani ya mwezi. Choroko na ufuta miezi michache. Mbaazi zinakaa shambani muda mrefu zaidi, zikikauka zinaingia mnadani nazo. Mkorosho wa kubebesha, ile miche wanayoitoa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, unaanza kukuonyesha kitu mwaka wa tatu hivi, na ukiutunza wajukuu wataukuta.

Aliye pwani ana mwani, unafungwa kwenye kamba bamvua hii na baada ya wiki sita hivi unavunwa, hela sio nyingi lakini inakuja mara nyingi na inaingia mkononi mwa mama. Aliye mjini asiye na shamba afanye hivyo hivyo kwa kazi. Cha karibu, kukaanga samaki jioni pale feri au kuuza korosho za kukaanga stendi. Cha kati, kujifunza kushona, udereva, kompyuta. Cha mbali, ile ajira unayoiomba kwenye mfumo wa serikali kila zikitangazwa. Kijana aliyesubiri ajira ya ualimu miaka mitano huku anauza maji barafu stendi amesubiri miaka mitano. Aliyelala ndani miaka hiyo hiyo amesubiri zaidi ya hapo, mana siku za mtu asiye na kazi ni ndefu.

Kama wewe ni mgonjwa au unamuuguza mtu na huwezi shamba wala biashara, cha karibu kiwe kidogo sana. Kufagia uwanja. Kumwagilia mche mmoja. Kuna bibi Mikindani alikuwa anauguza, kila asubuhi anapaka rangi ya ukili kidogo tu na anasuka kipande cha jamvi upana wa kiganja, haongezi. Mgonjwa alichukua muda mrefu, na jamvi lilikamilika.

Hatua ya 6: Mwambie mtu, ila chagua

Wanaume wa Kusini tuna ugonjwa wa kunyamaza. Tutacheza bao kutwa nzima, tutaongea Simba na Yanga, mtu ana deni linamtoa roho na hakuna aliyejua mpaka siku anatoweka kwenda Tunduru kuchimba madini bila kuaga.

Kwetu Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, mjomba ana sauti nyumbani hata kuliko baba, basi mtumieni. Nenda jioni, sio asubuhi ana haraka, na usizunguke sana:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, karibu ukae."

"Mjomba sijaja kukopa. Nimekuja unisikilize, mambo yamenielemea, usingizi hamna."

Hayo maneno "sijaja kukopa" yanafungua masikio ya mtu mzima yeyote Mtwara na Lindi, jaribuni. Akishajua pochi ipo salama atakusikiliza mpaka mwisho, na mara nyingi akimaliza atatoa na kitu.

Kama mjomba ndio sehemu ya tatizo, yupo somo wako wa unyago, yupo shehe, padri, katekista, mwenyekiti wa kikundi. Na watani msiwasahau. Mtani ndiye mtu pekee anayeweza kuja kwenye msiba wako akavaa suruali ya marehemu akakuchekesha na hakuna anayekasirika, na wakati mwingine hicho kicheko ndicho chakula cha kwanza unachomeza tangu juzi. Usimchague mtu ambaye ukimwambia leo kesho unaikuta status.

Ukiwa wewe ndio unayeambiwa, usiwahi kusema "vumilia tu". Uliza, umekula? Alafu kaa.

Hatua ya 7: Ujue pale ambapo subira haitoshi

Fupi lakini muhimu. Kama mtu wiki mbili mfululizo hapati usingizi, hali chakula, hataki kuongea, anajiona hana maana, au anasema maneno ya kujiua hata kwa utani, hapo tena hatuzungumzii subira, hapo ni ugonjwa na una matibabu. Mpeleke hospitali, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au Ndanda kwa wa upande wa Masasi, au anza kituo cha afya cha karibu watakupa rufaa. Mtu anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na dawa za mikorosho zitoke ndani zikafungiwe kwa jirani. Mtoto mwenye shida au anayenyanyaswa, namba 116 ni bure.

Dua na kisomo fanyeni, hakuna anayekataza, hospitali na dua vinakwenda pamoja. Ila yeyote anayekwambia acha dawa za hospitali ulipe laki tano nikutoe mkosi, huyo anauza matumaini kwa kipimo cha kangomba.

Hatua ya 8: Pitia daftari, na ujue kuachilia

Lile daftari lifungue mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza hela ya mwisho ya korosho ikishaingia, kabla ya vurugu za ada za Januari. Mara ya pili mwezi wa sita hivi, mvua zimekata na shughuli ya salfa inaanza. Kwa kila mstari angalia mambo mawili, tarehe imepita au bado, na ile kazi ya upande wa kulia umeifanya au hukuifanya.

Tarehe ikipita na kitu hakijaja, nenda ukaulize kwa mhusika uso kwa uso, na majibu yaandike pamoja na siku uliyopewa. Wakikupa tarehe mpya, iandike. Wakikupa tarehe mpya mara ya tatu, kihamishie kule kwa visivyo na tarehe na usikipangie hela tena. Hujakata tamaa, umekiondoa tu kwenye bajeti.

Na kuna vingine vya kukata kabisa. Usikate siku una hasira wala siku una njaa. Subiri siku ya kawaida, soma ule mstari, ujiulize hiki kama kisingekuja kamwe ningeishi vipi, alafu ukiona tayari unaishi hivyo hivyo, piga mstari juu yake. Yule mama wa Chikongola mstari wa mume hajaukata bado. Ni uamuzi wake.

Kwa wenye ndoa, daftari liwe moja na mlipitie wawili, ukiona mmoja ana lake kwa siri ujue kuna deni. Mkifika kwenye mstari mnaogombana, urukeni muendelee na wa chakula, huo wa kugombana mtaupeleka kwa mjomba Jumapili. Na mwende mmeshakula, mana kwake hawapiki mapema.